Fomu ya Pinki

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Simu ya hapo nyumbani Mama huiweka sauti ya juu mpaka majirani wa pande zote mbili wananiitikia salamu. Hili ninalotaka kukwambia sitaki lijadiliwe na mtaa mzima kabla halijaiva.

Umeniambia si mara moja kwamba lifti ya hospitali yenu imekufa, mwaka wa pili huu, na kwamba wewe na wenzako wa masjala mnapandisha mafaili kwa ngazi hadi ghorofa ya tatu huku mkipishana na machela za wagonjwa. Basi nimeulizia. Hospitali inatafuta kampuni yenye leseni ya kutengeneza na kukagua lifti, na bado hawajaipata. Mimi ninayo kampuni. Ni ndogo, mafundi sita tu, lakini vifaa tunavyo na kazi tunaijua.

Tatizo ni kwamba kampuni iliyosajiliwa nje haiwezi kugusa hata nati moja hapo bila leseni. Na leseni hawatoi mpaka kampuni iwe na mwakilishi mkazi, yaani raia anayeishi hapo, ambaye siku wakitaka kutugombeza watajua mlango wa kugonga. Nani mwingine kama si wewe? Mtu uliyezaliwa na muhuri mkononi!

Nenda ofisi ya leseni uombe fomu ya kampuni za kigeni, kisha uniandikie wanataka nini na nini. Mwambie Mama namsalimu, na mwaka huu narudi. Safari hii si porojo.

Mdogo wako,
Bisibisi


19 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

Umenitia wazimu wewe! Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za hospitali, mafaili yamenilalia mapajani, mpaka muuguzi mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia sijafiwa, mdogo wangu anakuja kufufua lifti.

Mama nilimwambia jioni hiyo hiyo. Unajua tena. Ameanza upya ile hadithi ya redio ya Baba, ulivyoifungua ukiwa na miaka saba, ukaifunga, ukabakiwa na skrubu tatu mkononi, na redio ikalia vizuri kuliko mwanzo. Ameisimulia kwa mwenye duka, kwa mshonaji, na kwa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji ambaye hata hakuuliza.

Ofisi ya leseni nimeshafika. Dirisha namba nne kuna karani mmoja, mama wa makamo, miwani ameifunga uzi shingoni, anaongea na wewe bila kuinua uso. Ana fomu za aina mbili. Ya kijani ni ya kampuni za hapa, ya pinki ni ya kampuni za kigeni. Nikamwambia nipe ya pinki, lakini mwenyewe ni wa hapa hapa. Akasema, "Ukurasa wa tatu. Kisanduku A, kampuni ya nje inayomilikiwa na raia wetu. Kisanduku B, inayomilikiwa na wageni. Weka tiki panapokuhusu." Nikaweka tiki kwenye A hapo hapo, kwa wino, nikasaini chini kwamba niliyoyajaza ni kweli tupu.

Wanataka hivi: cheti cha usajili wa kampuni kutoka huko kwenu, nakala ya pasipoti ya mwenye kampuni, barua ya kuniteua mimi kuwa mwakilishi, na uthibitisho wa mahali ofisi itakapokuwa. Mama ameshaamua ofisi iwe chumba chako. Kitanda kimehamia kwangu, meza ya Baba imeingia, na kibao ameshampa mchoraji achore. Mimi nilimwambia tungoje leseni kwanza. Akaniuliza, mwanawe anyimwe leseni kwa lipi?

Tuma karatasi zote. Baba alitufundisha mimi na wewe: ofisini hupeleki karatasi uliyoombwa, unapeleka faili zima, ili mtu asikurudishe nyumbani.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Bahasha ndiyo hii imeambatana na barua. Nimeifunga na kuipiga lakiri. Ikabidhi dirishani kama ilivyo, usiifungue, wanapenda waifungue wenyewe.

Kuhusu ile tiki, ungesubiri kidogo. Lakini si kitu, yaliyomo kwenye bahasha yatajieleza.

Kuhusu ofisi, andikeni mkataba wa pango tu, karatasi moja. Mama asaini kama mwenye nyumba, wewe usaini kwa niaba ya kampuni. Hati ya nyumba iacheni kabatini, haihitajiki. Nasisitiza, Dada, haihitajiki.

Kazi huku zimenibana, nisamehe kwa ufupi. Mwambie Mama asimsumbue mchoraji wa kibao bado.

Bisibisi


17 Machi

Bisibisi,

Naandika nikiwa masjala, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Sijui nianzie wapi. Nianzie dirishani.

Yule karani aliifungua bahasha yako kwa rula. Akasoma karatasi ya kwanza, ya pili, akarudi kwenye fomu ukurasa wa tatu. Kwa mara ya kwanza akainua uso akanitazama. Akaniuliza, "Mama, hii tiki umeiweka wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Mwenye kampuni ni nani wako?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

Akanigeuzia ile nakala ya pasipoti. "Basi mdogo wako ni mgeni. Na hiki hapa ni cheti, ameukana uraia wa hapa miaka sita iliyopita."

Nilicheka. Kweli tena, nilicheka mbele za watu! Nikamwambia, "Dada yangu, mmechanganya bahasha, hata sisi masjala hutokea." Hakubishana na mimi. Aliweka kidole kwenye picha. Nikaliona lile kovu la nyusi, la siku ulipopigwa na springi ya saa ya ukutani. Nikashika ukingo wa dirisha.

Miaka sita, Bisibisi! Kila sikukuu unatuambia mwaka huu narudi, mwaka huu narudi, na Mama anafua mashuka!

Hayo hayakuisha. Akanipa kalamu, akaniambia nikate ile tiki kwa mstari mmoja, niweke nyingine kwenye B, na nisaini pembeni ya niliyokata, maana bila hivyo nitakuwa nimetoa tamko la uongo serikalini. Nimekaa masjala miaka ishirini na mbili sijawahi kukata maandishi yangu mwenyewe. Nilikata.

Halafu, kama kuniona nimezama haitoshi, akasema, "Sasa uthibitisho wa ofisi." Mimi nilibeba faili zima la Baba, kama tulivyofundishwa. Mkataba wa pango ulikuwa juu, sahihi ya Mama ipo. Chini yake hati ya nyumba. Nilifikiri, mkataba bila hati nani atauamini? Akavisoma vyote viwili. Akauliza, "Mwenye nyumba ni mama yenu, au ni huyu?"

Nikamweleza ukweli. Kwamba Baba aliandika nyumba jina lako wiki uliyosafiri, mimi nikiwa nimesimama pale pale, na kwamba Mama ndiye anayeishi.

Akavua miwani. Akasema mgeni haruhusiwi kumiliki nyumba wala kiwanja hapa. Siku uliyoukana uraia ndiyo siku ulipotakiwa kuihamishia kwa raia, na hukufanya. Akasema yeye hawezi kujifanya hakuona, ana kiapo cha kazi, ni lazima awaandikie watu wa ardhi. Leo hii wamenipa barua yenye muhuri. Tunazo siku tisini. Zikipita kabla nyumba haijahamishwa kwa raia, nyumba ni ya serikali.

Nyumba ya Mama! Naandika maneno haya na siamini kama ni mkono wangu.

Mama hajui lolote. Nimemwambia foleni ilikuwa ndefu. Ana tumaini lile lile, na leo amepaka dirisha la chumba chako rangi.

Nijibu upesi.

Dada yako


29 Machi

Dada,

Nimeisoma barua yako nikiwa juu ya lifti, kwenye shimo lake.

Kwanza acha niseme lililo moyoni, halafu unichape. Kwa nini ulipeleka hati? Nilikuandikia waziwazi iacheni kabatini! Mara mbili nilikwambia haihitajiki! Kila mtu duniani anapeleka karatasi aliyoombwa. Sisi tu, kwa ajili ya mafunzo ya Baba, tunatembea na kabati zima kichwani. Ungepeleka mkataba peke yake, leo tungekuwa tunangoja leseni.

Sasa yangu. Bosi wangu, yule mzee aliyenifundisha lifti, ndiye aliyekuwa na leseni ya kampuni. Sheria ya huku ni kali kuliko ya kwenu. Kazi ya lifti ni ya usalama wa watu, kwa hiyo leseni hapewi mgeni. Mimi nilifanya kila kitu kwa miaka kumi na mbili, lakini jina mlangoni lilikuwa lake. Alipopata kiharusi nikapewa wiki sita. Ama apatikane raia wa kushika leseni, ama kampuni ifungwe na mafundi watawanyike. Mzee akanishika mkono kwa ule upande wake uliobaki na nguvu, akaniomba nisiiache ife.

Nikaenda. Ukumbini tulikuwa kama arobaini, tukanyoosha mikono kula kiapo cha uraia. Uraia wa mara mbili hawaukubali wao, wala kwetu hawaukubali. Pasipoti yangu ya zamani ofisa aliiweka kwenye kile chombo cha kutobolea karatasi, kama hicho kilichoko mezani kwako, akaibonyeza. Matundu mawili. Bado nausikia ule mlio.

Nilipanga kuwaambieni wiki ile. Mama akapokea simu akaanza na habari ya mashuka. Nikashindwa. Mwaka wa pili aibu ikawa kubwa kuliko ya mwaka wa kwanza. Ndiyo maana sikuja. Nilipokuja kumzika Baba nilipita uwanjani mstari wa wenyeji, na ofisa akaniambia karibu nyumbani. Sasa ningepita wapi, nanyi mkinichungulia kupitia kioo?

Kuhusu nyumba nina wazo. Tuihamishe iingie kwenye jina la kampuni. Itabaki ndani ya familia, na wewe ndiye mwakilishi. Uliza dirishani.

Usimwambie Mama. Nakupigia magoti.

Bisibisi


8 Aprili

Wewe,

Nimeuliza dirishani. Karani amenitazama kama mtu aliyetoka wodi ya vichaa. Kampuni yako ni ya kigeni! Ndiyo hiyo hiyo iliyotufikisha hapa! Fomu yake ni ya pinki, Bisibisi, ya pinki, umesahau ulinituma kuchukua nini?

Barua yako ya tarehe 2 Machi nimeisoma tena mara nne. "Haihitajiki. Nasisitiza." Kumbe ulijua. Mwanzoni nilidhani sheria imekupiga kama ilivyonipiga mimi, nikakuonea huruma, nikalia kwa ajili yako. Kumbe ulijua tangu mwanzo kwamba nyumba iko mashakani, ukaniambia nimsainishe Mama uongo, mama yetu mwenye miaka sabini na sita, ukanituma dirishani na bahasha imepigwa lakiri. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Unanilaumu kwa sababu nilibeba hati? Nashukuru niliibeba! Nisingeibeba tungeishi ndani ya nyumba isiyo yetu mpaka siku mtu mwingine afungue faili.

Na acha nikwambie jambo ambalo sijawahi kulisema, maana leo sina cha kuficha. Baba alipoandika nyumba jina lako mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika sinia la chai. Alisema, "Huyu anaenda mbali, tumfunge na kitu asisahau njia. Wewe upo." Wewe upo! Miaka kumi na tisa nipo. Paa lilipovuja nilipanda mimi. Mama alipovunjika nyonga nililala naye sakafuni mimi. Nimefagia nyumba yako miaka kumi na tisa na sijakunung'unikia hata siku moja, kwa sababu nilijua unarudi. Uliona uchungu ofisa alipotoboa pasipoti. Mimi ninatobolewa leo.

Utasaini nyumba iende jina la Mama. Fomu ya kuhamisha nimeiambatisha. Isaini mbele ya mwanasheria, uibandike picha, uirudishe. Usiniandikie barua ndefu. Niandikie sahihi.

Siku zilizobaki ni sitini na nane.


2 Mei

Bisibisi,

Huandiki. Wiki tatu na zaidi, kimya. Simu ukipigiwa unaongea na Mama hali ya hewa. Sasa soma hii, na baada ya kuisoma sina la kukusaidia.

Jana mkaguzi wa leseni alikuja kupima ofisi. Mimi nilikuwa kazini, sikuambiwa siku. Mama akamkaribisha kama mkwe. Akampa chai, akamsimulia redio, akamwingiza chumbani kwako. Yule kijana wa watu akatoa futi akaanza kupima ukuta, huku anasoma kwa sauti na kujaza karatasi yake: "Mwombaji, mgeni, raia wa nje, mmiliki pekee."

Mama akamwambia, "Mwanangu, umekosea hapo. Huyo si mgeni."

Mkaguzi akasema ndivyo ilivyoandikwa, mama.

Mama akasema, "Nimemzaa ndani ya chumba hiki unachokipima. Mkunga alisimama hapo uliposimama wewe. Mgeni gani anazaliwa chumbani?"

Haya nimeyapata kwa mkaguzi mwenyewe. Alinisubiri nje ya geti mpaka nikarudi, futi iko mkononi, uso umempauka. Akaniomba radhi kama yeye ndiye aliyekosa. Mama alimwambia amsomee karatasi yote, akamsomea, na nakala ya barua ya siku tisini iliyokuwa kwenye faili lake akamsomea. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Sasa wakishamfuta yeye, mimi wameniandika mama wa nani?"

Nilimkuta Mama amekaa mezani kwa Baba, kibao chako kimelala mbele yake, kimeshachorwa na kukauka. Nilijua atakulaani. Nilijua na mimi atanisema kwa kumficha. Bisibisi, nilipigwa na bumbuwazi. Alinishika mkono akaniambia, "Nyumba isije kwangu. Mimi niko karibu kuondoka na itawasumbua tena. Iandikwe jina lako. Tulikosea siku ile, mimi na baba yenu. Nilikuona umesimama na sinia, nikanyamaza."

Miaka yote hiyo nilidhani hakuniona.

Leo hajala. Ameulizia kama barua imefika kutoka kwako, mara tatu. Siku ni arobaini na nne.

Dada yako


14 Mei

Dada,

Fomu hii hapa, nimesaini mbele ya mwanasheria kila ukurasa. Nimeandika jina lako. Nilisaini mara ya kwanza tangu Aprili ikiwa na jina la Mama, nikaiweka kwenye droo, na kila asubuhi niliitazama nikashindwa kuipeleka posta. Si kwa tamaa, naomba uniamini, ingawa sistahili. Ile hati ndiyo karatasi ya mwisho iliyokuwa inasema mimi ni wa huko. Nilikuwa naona nikiitoa sina tena hata ukucha.

Halafu barua yako ikaja na maneno ya Mama. Nilitoka kazini katikati ya siku nikatembea barabarani bila kujua naenda wapi, na bisibisi mkononi, watu wananipisha. Mama wa nani? Mungu wangu, Dada! Sikuwahi kufikiri hata mara moja kwamba nilipojifuta nilimfuta na yeye.

Ombi la leseni liondoe. Niambie unachotaka niseme kwa Mama nitakisema. Nakuomba radhi kwa tiki, kwa bahasha, kwa sahihi ya Mama, kwa paa, kwa sakafu uliyolala.

Bisibisi


3 Juni

Mdogo wangu,

Nimefika ofisi ya ardhi jana na fomu yako. Nilibeba faili zima, cheka tu.

Karani wa pale aliipitia mstari kwa mstari mpaka akafika panapoandikwa "Sababu ya kuhamisha." Watu hujaza pale maelezo ya nusu ukurasa, kwa upendo na hiari yangu, kutokana na hili na lile. Wewe uliandika maneno mawili: "Ni yake." Karani akasema sababu haitoshi, nikaongeze. Nikamwambia haiongezwi. Akanitazama, nikamtazama. Foleni ikaanza kuguna. Akagonga muhuri.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Ombi la leseni sijaliondoa. Niliondoe ili iweje? Machela zipande ngazi mwaka wa tatu? Lilikuwa limeandikwa ukweli tayari, kisanduku B, nimesaini pembeni, na mkataba mpya wa pango nimesaini mimi mwenye nyumba, nikaupeleka dirishani jana hiyo hiyo. Na sasa kaa vizuri: leo asubuhi karani wa dirisha namba nne alinipigia simu mwenyewe, akasema, "Mama wa fomu ya pinki, njoo." Leseni imetoka! Nilipiga kelele masjala, mkuu wangu akadhani faili limeungua.

Lakini kuna sharti. Kwa kuwa wewe ni mgeni, huwezi kuja kufanya kazi mpaka mwenyeji akuandikie barua ya mwaliko, awe raia, awe na nyumba kwa jina lake. Mama aliposikia hivyo alishika kiuno. Akasema, "Baba yenu aliiandika nyumba ili mtoto arudi, na haikumrudisha. Hebu tuone ya dada yake."

Barua nitaiandika kesho. Nyamaza kulia, utaunguza nyaya.

Dada yako


20 Juni

Kwa Ofisa wa Uhamiaji,

YAH: MWALIKO WA MGENI

Mimi niliyesaini hapa chini ni raia, karani wa masjala ya hospitali, na mmiliki halali wa nyumba ambayo nakala ya hati yake nimeambatisha. Namwalika mgeni wangu, fundi lifti, raia wa nje, ambaye nakala ya pasipoti yake nimeambatisha.

Uhusiano na mgeni: dada yake, tumbo moja.

Madhumuni ya safari: kutengeneza lifti ya hospitali chini ya leseni iliyoambatishwa.

Malazi: chumba alichozaliwa.

Muda wa kukaa: ~~mpaka achoke~~ siku tisini. (Nimekata mwenyewe na kusaini pembeni.)

Naahidi kuwajibika kwa mgeni huyu kwa kila jambo kwa muda wote atakaokuwa nchini.

Wako mtiifu,
Mwenyeji

*

Bisibisi, hiyo ya juu ni nakala yako, utembee nayo mfukoni. Ile ya kwanza karani aliirudisha, akasema "mpaka achoke" si idadi ya siku.

Ukishuka uwanjani usijifanye umesahau. Simama mstari wa wageni. Utakuwa mrefu na utaulizwa maswali, jibu kwa adabu. Sisi tutakuona kupitia kioo, na hatutashangaa. Nilimwambia Mama wenyeji wa wageni husimama pale nje wameshika kibao chenye jina. Nikamshauri tubebe kile cha mlangoni. Amekataa kabisa. Amesema hajafika mahali pa kumtambua mwanawe kwa kuandikiwa.

Asubuhi ya leo nimemkuta uani anaanika mashuka.